Moto Niliouwasha Koboko kwa Mdomo

Siku hizi nikipita mji wa Koboko ninashusha kofia hadi kwenye nyusi, na bado haziishi dakika tano kabla mwendesha boda mmoja hajapaza sauti, "Bwana Moto! Leo unachoma nani?" na abiria wake akacheka kana kwamba alikuwepo siku ile (kwa idadi ya watu wanaodai walikuwepo, uwanja ule ungepaswa kuwa mkubwa kuliko wilaya). Aibu ni yangu, siikatai. Naisimulia mwenyewe kwa sababu wanaoisimulia sokoni hucheka hadi wanasahau jambo kubwa zaidi, nalo ni jinsi mama mmoja alivyoendesha gari siku hiyo.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uhandisi wa mitambo, na nilikuwa nimekaa nyumbani Arua mwaka mzima nikituma barua za kuomba kazi (kila barua niliisoma mara tisa kabla ya kuituma, na nikishaituma tu, naliona kosa). Ndipo Anti Letaru, mwenye gereji barabara ya kwenda Vurra, akaniita kwa majaribio. Si anti yangu wa damu, kila mtu anamwita hivyo. Alianza kuendesha malori ya baba yake akiwa msichana, na sasa, akiwa na wajukuu wawili, ana gari jeupe la michezo, la viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba dereva na mbuzi hutazamana macho kwa macho.

Alitaka kulipeleka kwenye mashindano ya Koboko, ambako walikuwa wamechonga njia ya kuzunguka kwenye uwanja wa changarawe, kona juu ya kona, kila gari likikimbia peke yake dhidi ya saa. Shida ilikuwa usukani. Kwenye mazoezi, mzunguko wa tano haukuisha kabla ya pampu inayoufanya usukani uwe mwepesi (mafundi huiita pawa) kuanza kulia kama ndama, mafuta yake yakachemka na kutoa povu, na usukani ukawa mzito kama kabati la nguo.

"Injinia," Anti akaniambia, "mimi nataka hii pawa ikae baridi mpaka mwisho. Ukiweza, Jumatatu unaanza kazi. Ukishindwa, unarudi kwa barua yako."

Nilifikiri siku tatu. Barabarani usukani hupata nafasi ya kupumzika, lakini kwenye kona za mfululizo haupumziki, pampu inazunguka kwa kasi, na joto linakosa pa kwenda. Basi tukamwaga mafuta ya zamani, yaliyokuwa meusi kama chai ya matanga, tukatia mapya, wala hatukujaza hadi shingoni, kwa kuwa yakipata joto huvimba na kumwagika. Nikafunga rejeta ndogo niliyoitoa kwenye lori bovu, nikaiweka mbele kabisa panapopiga upepo, ili mafuta yapite humo yapoe kabla ya kurudi kwenye pampu. Nikamwomba Anti asiukate usukani hadi mwisho wake na kuushikilia hapo, maana hapo ndipo pampu huteseka zaidi. Mwisho nikaweka kipimo cha joto kwenye kopo la mafuta, nikachora mstari mwekundu kwenye nyuzi mia na ishirini.

Mashindano yalikuwa ya mizunguko minane. Baada ya minne, gari lilipaswa kusimama ndani ya mraba wa chokaa, likaguliwe, liondoke kabla ya dakika mbili kuisha. Ukizidisha, umetolewa.

"Pale unaniambia neno moja tu," Anti akasema akivaa helmeti. "Na hii kitu kwa kichwa, sisikii hotuba."

Tukakubaliana: nikisema baridi, anaendelea kwa nguvu zote, nikisema moto, mzunguko mmoja anaenda polepole ili mafuta yapoe. Neno moja. Nani angeweza kuharibu neno moja?

Mizunguko minne ya kwanza sikupumua. Gari lile lilikuwa likiingia konani kwa ubavu, linaandika nusu duara kwenye vumbi, linanyooka, na kabla vumbi halijatua limekwisha kuandika jingine. Watu walionyamaza hapo ndio wale wale waliokuwa wakisema mama mzima akapike. Pampu haikulia hata kidogo. Nilikuwa nikiwatazama mafundi wa magari mengine nikitamani mtu aniulize nani aliifunga ile rejeta.

Anti akaingia mrabani, nikafungua boneti. Sindano ilikuwa imesimama kwenye tisini, mbali kabisa na mstari wangu. Nilipaswa kusema "baridi" na kufunga. Lakini mimi ni mimi. Je, kama sindano imekwama? Je, kama vumbi limeingia kwenye kipimo? Je, kama niliufunga waya kinyume? Nikaona ni salama zaidi kuhakikisha kwa mkono, nikalikumbatia kopo kwa kiganja kizima. Sasa, mtu asiyefika hata darasa la pili anajua kwamba kitu cha tisini kinaunguza. Mimi nililijua hilo kwa hesabu tu, kiganja kilikuwa hakijafundishwa.

"Moto!" nikapiga kelele. "Moto! Moto!"

Mwenye kipaza sauti hakungoja. "Moto! Gari ya Anti inawaka!" Nusu ya umati ikakimbia kwenda mbali, nusu ikakimbia kuja karibu, na msimamizi mmoja akanijia na kizimamoto.

"Si moto!" nikamwambia nikipunga mkono ulioungua. "Si moto, ni moto tu!"

Akasimama. "Iko moto ao haiko?"

"Ni mafuta!" Nikajaribu kusema kama anavyosema yeye, anielewe haraka. "Mafuta iko moto!"

"Mafuta inawaka!" akawapigia wenzake kelele, akanipulizia unga mweupe kuanzia nywele hadi viatu, mimi pamoja na injini. Likaja gari la maji, lile la kutuliza vumbi, likafungua bomba. Mama mmoja muuza uji, kwa moyo wake mwema, akamwaga jerikeni nzima ya uji wa ulezi (na uji huo, nawaambia, ndio ulikuwa moto).

Katikati ya hayo yote Anti alikuwa ameketi, mikono juu ya usukani. Akainua kioo cha helmeti.

"Injinia."

"Naam, Anti."

"Kipimo inasema nini?"

Nikafuta unga kwa kidole. "Tisini."

"Na mustari yako nyekundu iko wapi?"

"Mia na ishirini."

"Sasa hiyo moto unasema ni ya wapi?"

"Ya... ya mkono wangu, Anti."

"Basi toa huo mukono kwa gari yangu."

Nikafunga boneti. Msimamizi wa saa alikuwa akihesabu, "Kumi! Tisa! Nane!" na gari likatoka likidondosha uji.

Ndipo nikasikia mlio mkali, nami niliujua mara moja: mkanda wa pampu umelowa, unateleza, pampu haizunguki. Kwa hofu yangu ya pawa kupata joto, nilikuwa nimemnyang'anya pawa yote. Nikaketi chini kwenye tope nililolitengeneza.

Lakini sikuweza kuacha kutazama. Alikuwa akiikaribia kona ya kwanza na usukani mzito kama ule uliomshinda mazoezini, nikaona mabega yake mawili yakipanda, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma, kama mtu anayefungua mlango wa ghala uliolala miaka. Gari likageuka. Kona ya pili likageuka. Hakupigana nalo, alililegezea kabla ya kila kona, akaacha uzito wa nyuma uzunguke wenyewe, kisha akalivuta kwa mgongo mzima. Hakuna aliyepiga makofi, mikono ilikuwa vichwani. Kitabu gani kingenifundisha kile? Mzunguko mzima aliuendesha hivyo, kisha mkanda ukakauka, mlio ukakatika, na gari likaruka kama lililofunguliwa kamba. Hapo vigelegele vikaanza, na mama wa uji alikuwa wa kwanza.

Akawa wa pili. Sekunde zilizomkosesha ushindi zilikuwa za mzunguko ule mmoja, na zilikuwa zangu.

Aliposhuka, vidole vilikuwa vimekakamaa hadi akashindwa kufungua helmeti, nikamfungulia. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha yenye sehemu tatu.

"Pampu ililia?" akauliza.

"Hapana, Anti."

"Mafuta ilichemka?"

"Hapana."

"Basi Jumatatu kuja na hiyo mukono. Mudomo uache nyumbani."

Nikaapa sitashika kitu ambacho kipimo kimekwisha kukipima, na neno lile sitalitamka tena. Hata chai ninaiagiza "yenye joto", wauzaji wananishangaa. Nimeshika kiapo hicho hadi wiki iliyopita, cheche za kuchomelea vyuma ziliporukia matambara yenye mafuta pale gereji, miali ikapanda hadi kiunoni, nami nikasimama mlangoni nikipiga kelele kwa sauti yangu yote, "Joto! Joto!"

Hakuna aliyeinua kichwa. Anti Letaru ndiye aliyepita na ndoo ya mchanga, akamwaga, akanigeukia taratibu.

"Injinia," akasema, "hii sasa ndiyo moto."