Tiketi Mbili za Kaka

Mtaani kwangu Kashai, Bukoba, nilikuwa mtaalamu wa tiketi za ndege. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilijipa mwenyewe, kidogo kidogo, kila nilipomsaidia jirani kutafuta safari ya Dar kwenye simu yangu. Nilifundisha hesabu miaka mingi, na mwalimu wa hesabu akistaafu lazima apate kitu cha kuwasahihishia watu. Wenzetu wa mikoa mingine hututania Wahaya kwamba tukijua jambo moja tunatangaza matatu. Kwangu mimi hawakukosea sana.

Tata, baba yangu, alipozidiwa alikuwa nyumbani kwake Kamachumu, wilaya ya Muleba, katika kibanja cha migomba alimozaliwa. Alikataa kurudishwa hospitali. Alisema amelala vitanda vya watu vya kutosha, sasa anataka chake. Shangazi, dada yake pekee aliyebaki, alihamia pale kumuuguza, na mimi nikawa napanda na kushuka, Bukoba na Muleba, Muleba na Bukoba, hadi dereva wa gari la abiria akaacha kuniuliza ninakokwenda.

Jumatatu Tata alitamka alichokuwa anasubiri. Alimtaka kaka yangu.

Kaka ndiye kifungua mimba, ndiye omusika, yaani mrithi, atakayevalishwa kanzu ya baba na kukalishwa kwenye kigoda chake siku ya kumaliza matanga. Anaishi Ujerumani na ni muuguzi. Mama alipofariki, miaka minane kabla, kaka hakuja. Kazini walimnyima ruhusa. Alituma kila kitu kinachoweza kutumwa, ila Tata hakuhesabu vilivyotumwa. Alihesabu nani alishika udongo. Tangu hapo walisalimiana kwa simu kama watu wawili waliokutana ofisini, na kila Tata alipoulizwa habari za mwanawe mkubwa alijibu neno moja: "Kazini."

Jumatatu hiyo alinishika mkono akaniambia kwa Kihaya, "Mwite. Akija nikamwona kwa macho, nitajua nilikuwa na mwana."

Nikampigia. Kaka hakusita. Alikwenda kwa mkubwa wake siku hiyo hiyo, akamwambia hakuja kuomba ruhusa, amekuja kuaga. Kisha akanirudia kwa simu: "Mdogo wangu, nipo tayari. Tafuta safari wewe, mimi kichwa hakifanyi kazi."

Nikaenda mjini kwa binti mmoja anayekata tiketi, maana safari za nje simu yangu ilikuwa inanisumbua. Alinitafutia tiketi moja, kutoka kule hadi Bukoba, mzigo ungeandikwa moja kwa moja, kufika Ijumaa mchana. Nikamwambia Ijumaa ni mbali. Nikachukua karatasi nikampigia hesabu pale pale. Kaka akikata tiketi moja ya kuishia Dar, atatua Alhamisi saa moja asubuhi. Ndege ya kuja Bukoba inaruka saa tatu kasoro robo. Tukimkatia ya pili, ya peke yake, saa tano yuko nyumbani. Tumeokoa siku nzima.

"Mwalimu," binti akasema, "hizo ni tiketi mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haitamsubiri. Halafu Dar atapanga foleni ya uhamiaji, achukue begi lake, ahamie jengo lingine, aanze upya kukabidhi mzigo. Na dirisha linafungwa mapema."

"Saa moja na dakika arobaini na tano," nikasema. "Zinatosha na zinabaki."

"Mimi nisingemkatia mzazi wangu hivyo."

Nilikasirika. Nakumbuka vizuri kwamba nilikasirika, kwa sababu alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwisho na alikuwa ananifundisha kutoa. Nikamwambia akate. Akakata.

Jumatano nilipanda Kamachumu nikiwa kifua mbele. Nilimweleza Tata hesabu yote, na Shangazi, na majirani waliokuja kumjulia hali. "Ingekuwa Ijumaa," nikawaambia, "nimeifanya Alhamisi." Mzee mmoja alinishika bega akasema nyumba hii imesoma. Sikumkatalia.

Alhamisi asubuhi Tata aliomba kunyolewa. Kisha aliomba kanzu yake nyeupe, ile ya misa ya Krismasi, na tukamvalisha wawili, mimi na Shangazi, tukimgeuza taratibu maana mwili ulikuwa umekwisha. Akataka kitanda kisogezwe ili aone mlango. Akalala hivyo, mikono juu ya tumbo, macho mlangoni. Kila mtu aliyeingia alimtazama usoni kwanza, kisha akamwachia njia ya kuona nje.

Simu ilinikuta barazani, saa tatu na nusu. Nyuma ya sauti ya kaka nilisikia tangazo la uwanjani, nikajua bado yuko Dar.

"Imeniacha," akasema. Alikuwa anahema. Ndege ya kwanza ilichelewa dakika arobaini tu. Foleni ya uhamiaji ikala nyingine, begi likakawia. Akakimbia hadi jengo la pili na begi kichwani. Mtu wa dirishani akamwonyesha saa, akamwambia kwa upole kwamba tiketi yake ya huku haihusiani na ndege aliyokuja nayo, wao wanamhesabu kama abiria ambaye hakutokea. Ya mchana ilikuwa imejaa. Amepata nafasi kesho.

"Kesho saa ngapi?" nikauliza.

"Saa sita."

Ijumaa mchana. Saa ile ile ya tiketi ya binti wa mjini.

Niliporudi ndani watu walinigeukia. Tata akauliza kwa sauti ndogo, "Ameshatua?"

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema kila kitu kama kilivyokuwa, maana nimekisema vingine mara nyingi. Nilikuwa na sentensi ya kweli mdomoni. Nilitakiwa kusema: Tata, ameachwa na ndege kwa sababu ya hesabu yangu, yuko Dar, yuko nchi hii, alikuwa anakimbia. Maneno hayo ni machache. Nikamwona yule mzee aliyeniambia nyumba hii imesoma, ameketi kwenye stuli karibu na mlango, ananisubiri niseme. Nikaona haya.

"Kazini wamemcheleweshea ruhusa, Tata," nikasema. "Atakuja kesho."

Tata alinitazama. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu aliyeletewa jibu la barua ambayo alijua tangu mwanzo itajibiwa hivyo.

"Kazini," akasema.

"Ego, Tata." Ndiyo, baba.

Akamgeukia Shangazi. "Nivueni hii kanzu."

Tukamvua. Kumvua kulikuwa kugumu kuliko kumvalisha, mkono wa kushoto ulinasa na akaguna kwa maumivu. Shangazi aliikunja, akaiweka sandukuni, akafunga. Tangu hapo Tata hakutazama mlango tena. Aliomba maji mara mbili. Nilikuwa na mchana mzima wa kumwambia ukweli, na jioni nzima. Nilijiambia kesho kaka ataingia mwenyewe, na ukweli utaingia naye.

Alifariki Ijumaa, saa tatu asubuhi, padri akiwa ameondoka muda mfupi kabla.

Kaka nilimpokea mimi uwanjani Bukoba. Alishuka kwenye ngazi akaniona, akasimama, abiria wa nyuma wakampita. Sikuwa na haja ya kusema. Ndani ya gari, tulipofika barabara ya Muleba, alianza kuniomba msamaha. Yeye, kuniomba mimi. Alisema angeacha lile begi, angekimbia mikono mitupu. Ndani ya begi mlikuwa na koti alilomnunulia Tata. "Si kosa lako," nikamwambia, na hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia la nani.

Tulizika Jumamosi, kibanjani, karibu na mama. Safari hii kaka alishika udongo. Aliushika mwingi, akashindwa kuufungua mkono, ikabidi Shangazi amfungue vidole.

Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walitoa ile kanzu nyeupe sandukuni wakamvika, wakamkalisha kigodani. Wakamsifu kwamba aliitwa akaja. Shangazi alikuwa mkabala nami. Yeye peke yake kati ya wanawake wa ukoo alisikia nilichomwambia Tata, na yeye aliivua kanzu ile pamoja nami. Yule mzee jirani naye alisikia, lakini kwake ruhusa ya kazi ni ruhusa ya kazi, hakuwa na la kulinganisha. Shangazi alikuwa amemsikia kaka akisimulia mbio za uwanjani. Alinitazama hadi nikainamisha kichwa. Tulipokuwa tunakusanya vyombo akaniambia, "Mimi sitasema. Kinywa ni chako, waitu." Waitu, yaani wa kwetu.

Jioni hiyo kaka akanikuta nimeketi peke yangu. Alikuwa bado amevaa kanzu ya Tata, fupi kwake.

"Ulimwambia nimeachwa na ndege?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Ningeweza hata wakati ule. Alikuwa mbele yangu, hatukuwa na mtu. Nikamtazama uso, ulikuwa umechoka na una matumaini, nikaona nikiusema ukweli nitaivua ile kanzu mara ya pili.

"Alicheka," nikasema. "Akasema ndege hazina adabu."

Kaka alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Alinikumbatia na kunishukuru kwamba nilikuwapo.

Sasa neno hilo ni la familia. Kaka amewasimulia wanawe kule Ujerumani, na mmoja amenirudishia kwenye simu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akitaka kujua babu alicheka kwa sauti au kwa tumbo. Kwenye misa ya arobaini padri alilitaja, watu wakatabasamu. Shangazi alitoka nje.

Tiketi za watu nimeacha. Wakija nawapeleka kwa yule binti wa mjini, nawaambia wamsikilize. Wanadhani ni uzee.

Juzi kaka amepiga. Anakuja Desemba na wanawe wote wawili, tiketi moja moja kila mtu, amekata mwenyewe. Nilifurahi, nikamwambia nitawasubiri uwanjani. Akasema wataanza na kaburi, kisha anataka niwaingize chumbani kwa Tata, nisogeze kitanda kilivyokuwa Alhamisi ile, niwaonyeshe watoto alivyolala babu yao alipocheka.

Nikamwambia sawa.