Kizingiti Katikati ya Uwanja

Watu wa mjini walimwita Patasi. Uwanja ule mkongwe ulikuwa umebadilishwa jina mara nne, zote kwa mkono wake. Kila aliyeshika madaraka alitaka jina lake kwenye jiwe la pale katikati, na Patasi ndiye aliyeitwa akwangue la zamani, achonge jipya. Jiwe likakonda, naye akakonda nalo.

Waliojua asili ya jiwe lile walijitia hamnazo. Lilikuwa kizingiti cha nyumba ya baba yake. Uwanja ulipopanuliwa, nyumba ilibomolewa sufuria ikiwa bado jikoni. Wazazi wake wakaambiwa wahamie pembeni kwa muda. Muda huo ukawazika wote wawili. Kizingiti kikageuzwa chini juu, kikawa jiwe la heshima. Patasi aliikubali kazi ile ili apate kushika jiwe la kwao bila kufukuzwa.

Mwaka huu kikaletwa kibao cha chuma chenye taa. Jiwe likang'olewa, likatupwa kando ya mtaro. Patasi akaja na mkokoteni.

"Mzee, hilo unalipeleka wapi?" akauliza ofisa wa manispaa.

"Nyumbani."

"Thubutu! Hiyo ni mali ya umma."

Patasi akalipindua jiwe. Upande wa pili ulikuwa umelika katikati. "Hapa pamelika kwa miguu ya mama yangu. Umma ulipita lini?"

"Usinipotezee muda, mzee. Lirudishe ulipolikuta."

"Nililikuta mlangoni kwetu," akasema Patasi. "Haya, nioneshe mlango."