Fundi Spika Kwenye Mahafali ya Binti Yake

Siku ya kazi, mume wangu humwambii kitu. Ni fundi wa vipaza sauti. Mtaani wanamwita Fundi Spika, na hakuna harusi wala mkutano wa eneo letu ambao haujapita mikononi mwake. Lakini asubuhi ile alivaa shati ndani nje, akalivua, akalivaa tena, akakosea vifungo. Kitinda mimba wetu alikuwa anahitimu sekondari, na shule ilikuwa imemkodi baba mtu kuleta mitambo. Nami nilikuwa nimepagawa vilevile, ila mimi najua kujikaza!

Tatizo lilikuwa moja. Binti alichaguliwa kusoma risala ya wahitimu, na yule mtoto ana sauti ndogo. Hata akiomba chumvi mezani, lazima umwulize mara mbili. Wiki nzima alifanyia mazoezi bafuni.

"Baba, nakuomba," alimwambia tulipofika, "leo usinitie aibu."

"Mimi? Nitatulia kama maji mtungini."

Nikacheka kimoyomoyo. Mtu huyuhuyu alitangazia mtaa mzima yule mtoto alipoota jino la kwanza.

Alipanga mitambo kando ya safu ya wazazi, karibu na kiti changu. Akajaribu maiki yake ya mkononi, moja mbili, moja mbili, akaiweka mezani. Binti akaitwa. Akapanda jukwaani, akasimama mbele ya maiki ya pale, akafungua karatasi, akaanza kusoma, na hatukusikia kitu. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Fundi akazungusha kitufe mpaka spika zikapiga mluzi. Mwanangu akashtuka, akaacha kusoma. Moyo ukanipasuka paa!

Ndipo uwanja mzima ukasikia sauti nzito: "Sema, mwanangu. Usiogope, baba nipo. Jamani, si mnamwona? Wangu huyo!"

Alikuwa amesahau kuzima maiki yake. Fundi mzima!

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Binti akageuka, akamkazia macho baba yake, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu akasema, "Baba, zima maiki!"

Kicheko kikazidi, naye mwenyewe akacheka. Kisha akaisoma risala yote, kifua mbele. Akawashukuru walimu, akawatania wenzake, akaomba shule ijengewe maktaba, tena mbele ya mgeni rasmi. Maktaba! Mwanangu mimi! Nilipiga makofi kabla hajamaliza sentensi, na aliyetaka kunitazama na anitazame.

Pembeni yangu Fundi alikuwa anashusha kitufe, anashusha tena, mpaka kikagota kwenye sifuri. Binti bado alisikika hadi getini.

"Mama watoto," akaninong'oneza, machozi yanamtiririka, "hapa sina kazi tena."

"Basi njoo ukae," nikamwambia, nikasogea. Akauacha mtambo wake, akaja kukaa na wazazi wenzake.