Mstari Mmoja wa Wino

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja mjini Kisii, miaka ya sabini ikianza. Nilikuwa msichana wa kijijini Birongo, nimeitwa kwenye ofisi iliyotafuta karani.

Cheti changu cha shule kilikuwa cha kweli. Lakini daraja langu, la tatu, lilinitia aibu. Liliandikwa kwa namba ya Kirumi, mistari mitatu ya wino iliyosimama. Jioni moja nikachukua dawa ya kutoa madoa, nikaufuta mmoja. Ikabaki miwili, daraja la pili, safi kabisa. Hata mama, aliyenipigia pasi gauni akiniombea, hakujua.

Tulikuwa wasichana wanne. Mzee Nyamweya, karani mkuu, alifunga pazia, akawasha taa ndogo ya mwanga wa zambarau. Akatueleza kwa upole kwamba karatasi za vyeti zimetiwa nyuzi ambazo jicho halizioni, lakini chini ya taa ile huwaka.

Cheti cha Kemunto, aliyenitangulia, kikawaka vijiuzi kama vimulimuli. Akapita. Nilitaka kusema naumwa, nitoke, lakini mzee alikuwa ameshanyoosha mkono.

Vijiuzi vikawaka. Nikashusha pumzi. Kisha akasogeza taa kwenye daraja, na pale nilipofuta pakang'aa doa jeupe. Ndani ya doa, mstari wa tatu ulisimama, mweusi, ukitutazama wote.

Mzee akaniinulia macho.

"Umeufuta wewe?"

"Ndiyo, mzee."

Akazima taa. "Binti yangu, sisi tulitaka daraja la tatu tu."

Hakuniitia polisi. Alisema tu kwamba cheti lazima kirudishwe kwa waliokitoa, nami nikatoka mikono mitupu. Nilichuma chai kwenye mashamba ya Itumbe miaka mitatu kabla mtu hajaniamini tena kwa kazi ya karatasi. Kumwambia mama, hilo lilinilemea kuliko hata uchovu wa shambani.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuchana mkeka wangu mwenyewe. Basi mwanangu, kilicho chako, hata kikiwa kidogo, kipeleke kama kilivyo. Usikifute ili kipendeze, huenda ndicho hasa kinachotafutwa. Mungu akupe moyo usioogopa kumulikwa, na kila mlango utakaobisha, uingie kwa jina lako.