Bibi Alisema Gambuti

Nakumbuka vizuri siku ambayo bibi yangu alinikabidhi maneno yake niyafikishe mbele ya watu, nami nikayafikisha yakiwa yamefuliwa, yamepigwa pasi na kukunjwa.

Mwanangu, tulia kwanza. Najua unacheka. Unasema, huyu Jenerosa wa kidato cha nne, ambaye juzi tu alitolewa prepo kwa kuigiza chafya ya mwalimu wa zamu, leo ananiita mwanangu? Ndiyo, nakuita. Wewe uko kidato cha kwanza, sanduku lako la bati bado linang'aa, na bado unaamini kwamba maharage ya hapa yataboreshwa. Kwa kalenda ya bweni hili mimi ni ajuza. Kaa chini. Na hizo karanga unazotafuna kwa siri, nimegee, maana nasaha hazitoki kwenye tumbo tupu.

Nilikuwa kidato cha pili wakati huo, nimerudi likizo nyumbani kwetu, upande wa Mugoma. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na mdogo wangu Fidelis, ambaye alikuwa ndio ameanza darasa la kwanza na alikuwa na meno machache kuliko mtoto yeyote aliyewahi kujiita mwanafunzi.

Sasa, sisi tunakaa ng'ambo ya bonde. Nyumba zetu ni chache, zimejificha kwenye migomba. Kijiji chenyewe kiko kilimani, kando ya barabara, na katikati yetu kuna kijito. Kiangazi unakivuka huku ukipiga mluzi. Masika hukitambui. Daraja letu lilikuwa gogo la mkaratusi, limelazwa tu pale, na likilowa linateleza kama sabuni. Masika ya mwaka ule Fidelis aliteleza. Bibi alimdaka kwa sweta. Sweta lilivutika mpaka leo linamfika magotini, lakini mtoto alibaki.

Tangu siku ile Bibi alikuwa akimsindikiza. Asubuhi anashuka naye, anamshika mkono kwenye gogo, anarudi. Mchana anashuka tena kumpokea. Jioni namkuta ameketi jikoni anayasugua magoti kwa mafuta ya mawese, akiyaongelesha kama watoto watukutu.

Jioni moja akaniambia, bila kuniangalia, "Mwakani haya hayatashuka tena bondeni."

Hakuongeza neno. Mimi nikaelewa yaliyobaki. Bibi asiposhuka, Fidelis havuki. Asipovuka, hasomi.

Ndipo ikatangazwa kwamba kijiji kitajenga shule shikizi, vyumba viwili vya kuanzia, ili watoto wadogo wasitembee mpaka shule kubwa. Mkutano wa kijiji ungeamua ijengwe wapi. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, akachukua fimbo, akasema, "Twende. Wewe umesoma, utanisemea."

Hapo ndipo nilipojiona mtu, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani. Uhuru wa kutoa maoni niliusoma kwa Kiingereza, nikaujibu kwa Kiingereza, nikapata alama ya kutambia watu. Hakuna aliyeniambia kwamba siku nitakapouhitaji, utakuja kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani.

Maana Kiswahili cha Bibi ni cha gulioni. Kinatosha kuuliza bei ya chumvi na kufukuza mbuzi wa jirani. Na Kihangaza chake nacho kina Kirundi kingi ndani, kwa sababu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Amekua hapa, ameolewa hapa, amezika hapa, lakini wapo watu ambao wakikasirika wanaikumbuka ghafla habari ya ule mgongo.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la kahawa. Watu wamejaa, wengine wamekaa kwenye magunia. Mbele, nyuma ya meza, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Mtendaji wetu alikuwa kijana kutoka mikoa ya mbali huko, hana hata mwaka tangu aje. Mtu mpole, ila Kihangaza hajui zaidi ya salamu. Alikuwa amevaa gambuti nyeusi za mpira, mpya, zimempanda mpaka karibu na magoti.

Basi fikiria hali yenyewe. Nilitakiwa nitafsiri mbele ya umati ambao wote, kuanzia mwenyekiti mpaka mtoto wa mgongoni, wanasikia lugha zote mbili. Asiyesikia ni mmoja tu, naye ndiye anayetafsiriwa. Yaani kila nitakachokiharibu, kijiji kizima kinakiona kikiharibika.

Mtendaji alieleza kwamba eneo lililopendekezwa ni kilimani, kando ya barabara. Bibi akanyoosha fimbo, akaomba ijambo, yaani neno, zamu yake ya kusema. Akapewa. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Leonsi wa kilimani, mpika rubisi, pombe ya ndizi, akatupa maneno kutoka kwenye magunia:

"Wenye kijito chao wakakivukie kwao!"

Wengine wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. Bibi hata hakugeuka. Lakini mimi, mwanangu, nilimsogelea. Nikasema moyoni, leo nitamlinda huyu bibi.

Bibi akaanza, kwa Kihangaza: "Mwambie huyo kijana nimekuja kwa magoti yanayouma, na sitaondoka hapa bila kusikia jibu kutoka mdomoni mwake."

Nikasimama wima. "Bibi anawasalimu viongozi na wananchi wote, na anashukuru kwa maandalizi mazuri ya mkutano."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mtendaji akatabasamu, hajui kinachochekesha. "Mwambie shikamoo Bibi, na asante sana."

Bibi akanitazama kidogo. Akaendelea: "Mwambie yeye ana gambuti mpaka magotini na hajawahi kuvuka kile kijito. Mtoto wangu hana gambuti, ana miguu tu. Aje siku ya mvua avuke peku, mimi nitamshikia gambuti zake."

Nikamgeukia mtendaji. "Bibi anapendekeza, kwa heshima na taadhima, endapo ratiba itaruhusu, ofisi yako ifike kujionea eneo husika."

Hapo watu walijipiga mapaja kwa vicheko. Mwanamke mmoja alishindwa kabisa, akamkabidhi jirani mtoto. Nami nitakuambia ukweli: nilianza kufurahia. Unajua utamu wa kuchekesha umati. Nilishaanza kutafuta neno refu zaidi la kuongezea.

Bibi akainua fimbo. Kicheko kikapungua, kikaisha. Akasema kwa Kiswahili, polepole, kile chake cha chumvi na mbuzi:

"Jenerosa. Mimi nimesema gambuti. Sijasikia gambuti."

Gambuti ni gambuti kwa Kihangaza, ni gambuti kwa Kirundi, ni gambuti kwa Kiswahili. Maneno yote mengine ningeweza kumpitishia pembeni, lakini alikuwa amesimama pale akilisubiri neno lake moja lipite, na halikupita.

Akanivuta karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umenionea aibu mimi, au umemwogopa yeye?"

"Nilitaka wasikuchukie, Bibi."

"Wanichukie kwa maneno yangu basi, si kwa ya kwako. Sikukutuma uniombee samahani, sijamkosea mtu." Halafu akasema, na hili ndilo lililoniingia, "Ulivyokwenda kusoma nilifurahi, nikasema nimepata wa kunibebea maneno. Kumbe wanakufundisha kuyaosha?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Alinitengenezea kola ya shati, akanigeuza mabega nikamtazama mtendaji, akasema, "Anza tena. Na gambuti uiweke."

Nikaanza tena. Magoti yanayouma nikayaweka. Jibu kutoka mdomoni mwake nikaliweka. Gambuti nikaiweka, na miguu mitupu ya Fidelis, na kuvuka peku. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi wa jirani, lakini ilikuwa inasema. Hakuna aliyecheka.

Mtendaji akamgeukia mwenyekiti. "Ndivyo alivyosema?"

Uwanja mzima ukaitikia, "Ndivyo!"

Bibi akamalizia, nami nikaenda naye neno kwa neno: "Mtoto akichukuliwa na maji, wewe watakuhamisha, utapata kijiji kingine. Sisi tutabaki hapa, na maji ya kunywa tutayachota kwenye kijito hicho hicho. Na huyo anayeniambia nikavukie kwetu, kwetu ni pale ninapochota maji."

Mzee Leonsi akaanza kukagua kiatu chake kana kwamba amekiokota.

Mtendaji alivua kofia. Nilidhani tumekwisha, nikaanza kutafuta njia ya kutorokea kati ya magunia. Lakini alijibu, tena alimjibu Bibi mwenyewe, akimtazama yeye badala ya kunitazama mimi niliyekuwa namtafsiria. Alisema lori la mawe na mabati haliwezi kuvuka bonde, na nyumba nyingi ziko kilimani. Alisema kwamba kweli hajawahi kukivuka kile kijito. Alisema hilo mbele ya watu, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia mtu wa ofisi akikiri kitu ambacho hajafanya.

Ikapigwa kura ya mikono. Wa kwetu ng'ambo tuliinua yote tuliyokuwa nayo. Ya kilimani ilikuwa msitu.

Tukashindwa.

Machozi yalinitoka. Nikamshika Bibi mkono, "Twende nyumbani. Na msaragambo wao tusije, wajenge wenyewe."

Bibi akanishangaa. "Kwa nini? Nimefuata jibu, nimelipata. Wamenisikia, wamenikatalia mbele ya macho yangu, na sababu wameitaja. Lori kweli halivuki." Akaegemea fimbo, akawaza. "Keti chini, sijamaliza. Waambie, kama shule haiwezi kuvuka kuja kwa mtoto, basi wajenge daraja mtoto aende. Na mwakani magoti yangu hayashuki, hilo nalo liseme."

Nikalisema. Na hapo, mwanangu, ile mikono iliyotuangusha ndiyo iliyoinuka tena. Ulianza mmoja, kutoka kwenye magunia. Ulikuwa wa Mzee Leonsi. Akasema, "Magogo ninayo. Msiniangalie hivyo."

Siku ya msaragambo kulikuwa na manyunyu. Watu walishuka na mapanga, mashoka na kamba. Mtendaji naye akashuka. Alifika ukingoni, akatazama maji, akamtazama Bibi aliyekuwa ameketi kwenye jiwe na kanga kichwani. Akainama, akavua gambuti moja, akavua ya pili, akaja kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo Bibi. Nishikie."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akajibu kwa Kiswahili, hakunihitaji. Akazipakata gambuti zile kama mtoto wa watu.

Mtendaji aliingia majini peku, akapiga yowe la baridi ambalo naliigiza vizuri sana, ukitaka baadaye nitakuonyesha. Alivuka, akarudi kuvuta magogo na wenzake. Bibi hakuziweka gambuti chini mpaka kazi ilipoisha.

Siku hizi Fidelis anavuka mwenyewe. Akifika katikati ya daraja anageuka na kupiga kelele, "Bibi, nimefika!" Na Bibi, mlangoni, magoti yake yakiwa yamestaafu, anajibu, "Nimesikia!" Ndiyo ibada yao ya asubuhi. Nikiwa likizo huwa najifanya bado nimelala ili nisiwaharibie.

Basi mwanangu, sikiliza sasa, na karanga umeshazimaliza kwa hiyo huna udhuru. Likizo inakuja. Utarudi kwenu, Nemba, Nyarubungo, sijui wapi, na bibi yako au shangazi yako atakutuma umsemee ofisini au mkutanoni, kwa sababu wewe ndiye msomi wa nyumba. Anaweza kusema kwa Kisubi, kwa Kisukuma, kwa Kirundi, kwa hasira. Usimwoshee. Hizi lugha tunazojifunza hapa kwa viboko na vicheko ni za kuwafikisha watu wetu mahali ambapo sauti zao hazifiki, na wafike na sura zao. Akisema gambuti, sema gambuti. Ukiona umeanza kusema "kwa heshima na taadhima" na yeye hajasema, jua unaogopa. Kuogopa si kosa, hata mimi naogopa, ila usiuvalishe woga wako nguo za mtu mwingine.

Utani usiache, utani ni mtamu na mimi sijaacha. Ila angalia unapochekesha, ni nani anayenyamazishwa na hicho kicheko. Na wewe mwenyewe ukisimama kusema, sema. Ukishindwa kwa mikono, usisuse, kaa uulize la pili. Halafu siku ya kazi shuka na panga lako, pamoja na waliokushinda, kwa sababu maji mnachota pamoja.

Mungu akulinde njia nzima ya kurudi kwenu. Akupe sauti, na ikitetemeka iendelee kusema. Akukutanishe na viongozi wanaojua kuvua gambuti. Na kila asubuhi utakapovuka chochote kile, awepo mtu mlangoni wa kukujibu, "Nimesikia."