Kisanduku Kimoja, Watu Wawili

Mkurugenzi wa utawala aliwasha picha ukutani. Ulikuwa mchoro wa muundo mpya wa taasisi yetu: visanduku vilivyounganishwa kwa mistari kutoka juu hadi chini, na kila kisanduku kilikuwa nafasi ya kazi. Kila mtu akaanza kujitafuta. Nilijiona chini kabisa, upande wa kushoto. Mkaguzi wa Mizani, nafasi moja.

Tulikuwa wawili.

Mwenzangu alikaa viti viwili kutoka kwangu. Sikugeuka kumtazama. Nilijua naye ameshaona.

Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na yeye alikulia Uganda. Kinyarwanda chetu sote kilirudi nyumbani Rwanda na lafudhi ya ugenini, kwa hiyo tukiwa peke yetu tulizungumza Kiswahili, changu cha shule, chake cha kuokota njiani. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka masoko ya Kigali na mkoba wa mawe ya mizani, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Katika soko la Kimironko walitujua vizuri. Tukitokeza upande wa viazi, akina mama walianza kufuta mizani kwa vitenge vyao haraka haraka, na mwenzangu angesema, "Mama, wacha kusugua. Uwongo haitoki na kitambaa." Tulicheka, nao walicheka.

Baada ya kikao kile, kicheko kilikatika. Tulibeba mkoba, kila mmoja na mshikio wake. Nilijikuta nikimpima mwenzangu kwa jicho: bosi alimwitikiaje salamu leo? Mbona amevaa suti? Nilihisi naye ananipima hivyo hivyo. Ofisini, simu ya mezani ikilia, shingo zote ziligeuka, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuitwa ghorofani mmoja mmoja, na waliporudi hawakusema walichoambiwa. Walikaa tu, wakafungua kompyuta zao.

Nyumbani, Nyakabanda, mume wangu alinikuta naosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha oshwa. Yeye ni seremala, kazi yake leo ipo, kesho haipo. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukuta wa nyumba yetu. Nilipomweleza habari za mchoro, alizima redio, akakaa.

"Watoto wasijue kwanza," alisema.

Chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa na mwakilishi mmoja pale ofisini, mhasibu mpole mwenye kigugumizi. Tulimchagua siku ambayo hakuhudhuria mkutano, kwa vile hakuna aliyetaka shughuli hiyo. Siku zote alikuwa mtu wa kukusanya michango ya misiba na harusi. Sasa alituita nyuma ya kantini saa ya chakula. Karatasi aliyoshika ilikuwa ikitetemeka, mwishowe akaikunja na kuitia mfukoni.

"Mu... muundo bado ni pendekezo," alisema. "Chama kimeomba mazungumzo. Lazima tusikilizwe kabla mtu hajaondolewa. Mpaka hapo naomba jambo moja. Ukiitwa juu, usikubali kuzungumza peke yako. Niite. Na usitie saini siku hiyo hiyo."

Dereva mmoja akauliza, "Na wewe utatukinga kwa kitu gani, mzee?"

Alifikiri. "Sijui. Ni... nitakaa karibu yako."

Wengine waliguna. Hiyo ndiyo ngao yetu, niliwaza, na inatetemeka kutuzidi.

Niliitwa siku ya mvua. Ngazi zile nilizipanda nimeshika ukuta. Mkurugenzi alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya watoto, akasema anaijua kazi yangu. Halafu akasogeza karatasi mbele yangu.

"Ile nafasi ni yako, dada," alisema. "Nataka tu uthibitishe kwamba umeukubali muundo mpya, na kwamba huna madai kupitia chama. Tumalize leo."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Niliona ada ya shule, niliona mume wangu amekaa kando ya redio iliyozimwa. Nilimwona pia mwenzangu, ambaye alikuwa na mama mgonjwa kule Busanza. Sikuwa jasiri hata kidogo. Nilitafuta neno lolote la kuchelewesha, na lililokuja ni lile la nyuma ya kantini.

"Naomba mwakilishi wetu aje, muyobozi," nilisema, nikimwita kiongozi kwa heshima.

Uso wake ulibadilika. "Kwa jambo zuri kama hili?"

"Naomba aje."

Mkurugenzi alimwita kwa simu. Mhasibu aliingia akihema, shati limelowa mgongoni, akavuta kiti na kukaa karibu yangu, kama alivyosema. Akaanza kueleza kwamba ma... ma... neno likamkwama. Mkurugenzi alimtazama, hakumsaidia. Hatimaye likatoka: mazungumzo na chama bado hayajafanyika, kwa hiyo hakuna mfanyakazi anayepaswa kuombwa saini.

"Na wewe," mkurugenzi alisema polepole, "nafasi yako umeiangalia kwenye mchoro?"

"Ni... nimeiangalia, muyobozi. Haipo."

Mkurugenzi akaivuta ile karatasi, akaifungia kwenye droo. Tukaanza kushuka. Nilikaa kwenye ngazi kama mtoto, na mhasibu akasimama pale mpaka nilipoweza kuinuka.

Viongozi wa chama walikuja, na mkaguzi wa kazi akaja. Mazungumzo yalichukua wiki nyingi, na wiki zote hizo nilikuwa nikisubiri kuadhibiwa. Nilikonda. Mwishowe mchoro ukarekebishwa. Wakaguzi wa mizani tulibaki wawili, mmoja Kigali na mmoja Rusizi, mpakani na Kongo. Wapo wengine waliohamishwa badala ya kuachishwa. Lakini madereva na wasafishaji walikabidhiwa kampuni binafsi, na hapo chama kilishindwa. Mhasibu alikaa nyumbani miezi kadhaa kabla ya kupata nafasi wilayani.

Rusizi alipangiwa mwenzangu. Kabla hajaondoka tulikwenda kula mishikaki na ndizi za kuchoma Kimironko. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa pamoja tangu kikao kile.

"Nataka kukuambia kitu," alisema. "Mimi waliniita kabla yako."

Niliacha kutafuna.

"Ile nafasi walinipa mimi kwanza. Karatasi, kalamu, kila kitu iko tayari."

"Ukasemaje?"

"Nilisema naomba kwenda choo." Alitazama chini. "Nikaenda. Sikurudi tena. Nilijifungia kule mpaka watu wakatoka kazini."

Nilicheka, naye akacheka, wale wa meza ya jirani wakageuka. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia, maana wiki zote zile tulikuwa tukipita sokoni pamoja na mimi nikidhani ananiwinda.

"Niliogopa," alisema. "Nilisema moyoni, huyu akijua mimi sijaichukua, yeye ataichukua."

Nilitaka kumwapia kwamba nisingefanya hivyo. Nilifungua kinywa, na kiapo hakikutoka, kwa sababu niliikumbuka ile kalamu. Yeye hakungoja jibu. Aliagiza mshikaki mwingine, ulipoletwa akazichomoa nyama kijitini, akanisogezea nusu.