Kompyuta ilisema kitanda cha mama mkwe hakitatembea

Wakuu, kwema humu?

Hii ilinikuta mwenyewe Ifakara, katikati ya miaka ya tisini. Sijaongeza chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila neno, nikidanganya leo silali ndani.

Nilikuwa nimetoka chuo, kichwa kimevimba, nimepeleka posa kwa kina Anastazia. Baba yake alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Banda la mashine na nyumba vimeshikana, boriti za paa zimeunganishwa moja kwa nyingine. Injini ikiwaka, mtetemo unasafiri kwenye boriti mpaka chumbani kwa mama, kitanda kinacheza.

Mama akatuma neno kwa mshenga: huyo si injinia? Atulize kitanda changu, ndipo tujibu posa.

Nilifurahi kama mjinga. Ofisini tulikuwa na kompyuta moja, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Nikatengeneza simulation, yaani nyumba ile ya kuigiza ndani ya kompyuta: kila boriti, kila kiungo, mtetemo unaingia wapi na unatokea wapi. Nikibonyeza, naenda kula wali na perege, nikirudi bado inawaza.

Sasa shida.

Upande wa mashine nilipima kila kitu. Chumbani kwa mama sikupima, maana kwa desturi yetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe hata nyumba ikiungua. Nikakadiria tu kwamba boriti inaishia ukutani.

Kumpa Anastazia tepu akanipimie? Wala sikuwaza. Usomi bwana!

Results zikatoka: punguza mwendo wa injini, mtetemo utafia ukutani.

Siku ya majaribio wateja wamejaa na baiskeli zao na magunia. Mama akaenda kujilaza makusudi, ahakikishe mwenyewe. Nikapunguza mwendo.

Kumbe boriti ilipenya ukuta mpaka kwenye nguzo iliyoegemewa na kitanda. Na ule mwendo mdogo ndio hasa boriti ilikuwa inaupenda, kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Kitanda cha chuma kikaondoka na mama juu yake, kikaenda kuziba mlango kwa ndani.

Nikazima injini mbio. Nilijua mke nimeshamkosa, nikatamani kulia.

Tukakimbilia dirishani.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kompyuta yako inasemaje?"

"Inasema... kitanda hakijatembea."

Wateja walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaniambia nipande dirishani nikamtoe mama. Nikakataa, nikageuzia uso ukutani. Anastazia ndiye aliyepanda, akasukuma kitanda.

Mama akatoka, akajifunga khanga upya, akanitazama weee. Kisha akamgeukia mumewe:

"Mpeni mke. Adabu anayo. Akili tutampa wenyewe."

Wakuu, funzo ni hili: usitengeneze model ya chumba usichokijua, na mwenye chumba yupo wa kumuuliza.

Haya, nanyi mliowahi kuumbuka ukweni semeni, nisichekwe peke yangu.